Jalada la Karatasi Moja

"Mtunza majalada, lake lina karatasi moja."

Ndio msemo mliousikia leo zahanati, yule bibi alipomwona nesi anapiga chafya, anafuta pua, kisha anaendelea kuwadunga wengine sindano. Mkacheka kwanza, kama kawaida yenu, ndipo mkauliza maana yake. Basi sogeeni, na anayechati aweke simu mfukoni. Methali hii haikuanzia kwa mfalme wala kwa sungura. Ilianzia bomani Ilunda, kwa makarani, na mwanzo wake ulikuwa hivi.

Ilunda ni wilaya ya milimani, ambako ukungu huwahi kazini kuliko watumishi. Katika boma lile kulikuwa na masjala, chumba cha kutunzia majalada ya watumishi wote. Kila karatasi iliyomhusu mtu, iwe ya ajira, likizo, onyo au pongezi, ilitobolewa, ikatiwa uzi ndani ya jalada lake, ikapewa namba na tarehe ya kuingia. Karatasi ambayo haikupita hapo, serikali haikuijua. Mwenye masjala aliitwa Gaudensi Mlelwa.

Hakuna aliyeruhusiwa kuingia mle isipokuwa karani wa masjala. Watu wengine waliishia dirishani. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na miwili boma zima lilimjua Gaudensi kuanzia kifuani kwenda juu, kama picha ya kitambulisho. Kwamba alikuwa na miguu, watu waliamini tu, kama wanavyoamini habari za peponi.

Yeye lakini aliwajua wote, wazima wazima.

"Kamwene, Mzee Mlelwa!" angesalimia Atilio Kihwele, karani wa ardhi, mtu wa maneno mengi kuliko ardhi yenyewe.

"Kamwene. Atilio, likizo yako inaisha Alhamisi, siyo Ijumaa. Usije ukapotelea shambani kama mwaka juzi."

"Mzee, wewe unanijua kuliko mke wangu!"

"Mke wako hana jalada lako."

Atilio angecheka mpaka mwisho wa korido. Kicheko kingeondoka naye, na dirisha lingebaki na Gaudensi.

Masjala ndiyo iliyobandika pia matangazo ya misiba. Gaudensi aliyaandika kwa mkono, herufi zimesimama kama askari wa gwaride: nani amefiwa, amefiwa na nani, mazishi ni wapi, gari litaondoka saa ngapi. Kwa sababu ya mwandiko ule, watu wa boma waliamini kwamba hakuna mtumishi wa Ilunda aliyewahi kuzika peke yake.

Sasa, masjala ina mwiko wake. Gaudensi alifundishwa siku ya kwanza na mwenzake wa zamani, Bwana Kadinda: mkono wa karani haugusi jalada la karani mwenyewe. Mwiko una akili. Mwachie fisi bucha, kesho utamkuta ni meneja wa mifupa. Ndiyo maana masjala ilitakiwa kuwa na makarani wawili, huyu atunze la yule na yule atunze la huyu. Kadinda alifungua jalada la Gaudensi, akatia uzini barua yake ya kuajiriwa kwa majaribio ya miezi sita. Karatasi moja. Mwezi wa tano Kadinda akahamishwa. Wakubwa wakasema mrithi wake yuko njiani. Mrithi huyo mpaka leo yuko njiani. Pengine alipanda konokono.

Kila Januari Gaudensi aliandika kuomba karani wa pili. Kila Machi alijibiwa: ombi lako linashughulikiwa. Hakuwahi kupiga kelele. Aliamini kwamba ombi lililoandikwa vizuri lina miguu yake lenyewe. Na barua zilizomhusu yeye, zilipofika, alizisoma, akazipanga kwa tarehe kwenye droo ya chini, akaweka jiwe juu yake. Zilikuwa zinasubiri mkono wa pili.

Mwaka wa ishirini na mbili, Karani Mkuu wa boma akastaafu. Kiti kikabaki wazi.

Tuelewane hapo kwenye kiti. Wengine walikitaka kwa ukubwa wa cheo. Gaudensi alikitaka kwa mahali kilipowekwa. Meza ya Karani Mkuu ilikuwa katika chumba kikubwa cha makarani, meza sita zimezunguka jiko la mkaa, na juu ya jiko birika la chai ambalo halikupoa kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Chumba hicho kilipakana na masjala. Kila siku saa nne, wenzake walipokunywa chai, vicheko vilipita ukutani vikamkuta Gaudensi amesimama katikati ya rafu na kifuniko cha chupa ya chai mkononi. Alikuwa amezoea kutabasamu kwa mizaha ambayo alisikia mwisho wake tu. Alibakiwa na miaka miwili ya kazi, na alitaka kuimaliza mahali ambapo mzaha unasikika tangu mwanzo.

Hakumwambia mtu. Yeye ndiye aliyeanza kazi kabla ya makarani wote waliokuwepo, na ukuu kazini una orodha yake, ambayo makarani huiita tange. Tange itasema, aliwaza. Kazi ya mdomo ni chai.

Wenzake hawakuwaza hivyo. Ugomvi uliwaka kati ya Atilio na Skolastika Ngole, karani wa elimu, mama mfupi ambaye hata ukimya wake ulikuwa na sauti. Walifika dirishani pamoja, kila mmoja akimsukuma mwenzake kwa kiwiko.

"Mzee wangu, mwambie huyu," alisema Skolastika. "Barua yangu ya ajira ni ya tarehe ngapi?"

"Tatu Juni."

"Na yake?"

"Tisa Juni."

"Umesikia, kaka? Mimi dada yako. Nisalimie vizuri."

"Ngoja, Mzee," Atilio akaingilia, "na kuripoti kazini je? Nani alikalia kiti kwanza?"

"Atilio. Skolastika aliripoti Agosti. Alikuwa amejifungua."

"Unaona? Ukuu hauhesabiwi kwa karatasi, unahesabiwa kwa makalio kitini!"

"Makalio yako yalikaa, kichwa kilibaki kwenu mpaka leo."

Gaudensi aliwasikiliza, akawapa tarehe zote walizotaka, za wote wawili, bila upendeleo. Hakuna aliyemuuliza ya kwake. Walipoondoka bado wakirushiana maneno korido nzima, aliwatazama kwa wivu kidogo. Hata kugombana kunahitaji watu wawili.

Siku ya tange ikafika. Afisa Utumishi alikuwa Bwana Shomvi, mtu wa pwani, mwaka wake wa kwanza Ilunda, anayevaa masweta mawili na bado anaongea kwa kutetemeka. Aliwaita makarani wote chumba kikubwa na kuagiza majalada yao. Tange ingepelekwa mkoani na gari la mchana ule ule.

Mlango wa masjala ukafunguliwa. Gaudensi akatoka amekumbatia majalada, na chumba kizima kikageuka. Alikuwa anachechemea. Mguu wa kushoto ulifuata wa kulia kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayejibu baada ya kufikiri.

"Mzee, umeumia?" Skolastika akauliza.

"Nilianguka kwenye ngazi ya rafu."

"Lini? Jana?"

"Miaka tisa sasa."

Akawekewa kiti, cha karibu na jiko kabisa. Joto lilimpanda magotini, akahisi kama mgeni aliyekaribishwa vizuri mno.

Shomvi akafungua jalada moja baada ya jingine, akiandika. Ya Skolastika na ya Atilio yalikuwa manene kama mikate. Akaamua ukuu uanzie tarehe ya barua ya ajira, Skolastika akavuta pumzi, Atilio akatazama dari. Likabaki jalada la mwisho, jembamba. Shomvi alilinyanyua, akalipima mkononi, akalifungua. Akageuza ukurasa. Hapakuwa na ukurasa wa kugeuza.

"Mzee Mlelwa, jalada hili ni lako?"

"Ni langu, Mkuu."

"Lina karatasi moja. Ajira ya majaribio, miezi sita. Hamna barua ya kuthibitishwa. Hamna kitu. Kwa jalada hili, Mzee, ukuu wako haujaanza kuhesabiwa; wewe bado uko kwenye majaribio."

Atilio hakuweza kujizuia. "Miaka ishirini na miwili ya majaribio! Mzee, mtihani gani huo usiokuwa na kengele?"

Watu wakacheka. Gaudensi naye akatabasamu, kwa sababu huu mzaha aliusikia tangu mwanzo. Kisha akasema taratibu, "Barua zipo, Mkuu. Ziko drooni. Zote, kwa tarehe."

"Sasa mbona hukuzitia humu?"

"Mkono wa karani haugusi jalada lake."

"Ungemwambia mwenzako azitie."

"Mwenzangu yupi?"

Shomvi akatazama makarani. Makarani wakatazama birika.

Shomvi hakuwa mtu mbaya. Alisogeza kiti, akashusha sauti. "Sikiliza, Mzee. Nikimteua mtu azitie leo, zitapata tarehe ya leo, na mkoani wanahesabu tarehe ya kuingia. Utakuwa umethibitishwa leo, wa mwisho kwenye orodha. Lakini gari halijaondoka. Kazilete. Zitie mwenyewe, uandike tarehe zake za zamani. Sisi tutatazama dirishani huko. Nani atajua?"

Skolastika ndiye aliyekuwa anapoteza kiti kwa maneno yale, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeukia dirishani. Atilio akamfuata. Mmoja mmoja, chumba kizima kikampa mgongo Gaudensi, wakitazama ukungu kana kwamba kuna sinema.

Gaudensi aliiangalia migongo ile. Hakuwahi kufanyiwa jambo kubwa kama lile. Aliangalia jiko, aliangalia meza ya Karani Mkuu, hatua tatu tu kutoka alipokaa, hata kwa mguu wake. Akalivuta jalada jembamba mpaka ukingoni mwa meza, bila kulifungua. Akalirudisha.

"Geukeni tu, mtaumia shingo," alisema. "Tarehe za majalada yenu wote nimeziandika mimi. Nikidanganya kwenye langu, kesho nani ataamini ya kwenu?"

Saa nane gari la mkoani likaondoka na tange. Juu kabisa palikuwa na jina la Skolastika Ngole. Chini kabisa, Gaudensi Mlelwa, mtumishi wa majaribio.

Jumatatu iliyofuata, Skolastika, Karani Mkuu mpya, hakukaa kwenye meza yake. Alimwandikisha Shomvi barua ya kumteua yeye mwenyewe kuwa mkono wa pili wa masjala, akachukua kigoda, akagonga mlango ule ambao miaka yote haukugongwa.

"Fungua, Mzee. Nimekuja na karatasi, usinirudishe dirishani."

Gaudensi akafungua. Akatoa jiwe, akatoa barua, akamkabidhi zote, kisha akaenda kusimama kando, mikono nyuma, kama mwiko unavyotaka. Skolastika akatoboa, akatia uzini, akaandika namba, na kila barua aliisoma kwa sauti ili asikosee. Barua ya kuthibitishwa kazini. Barua ya pongezi kwa utunzaji bora. Ruhusa ya matibabu, mguu wa kushoto. Gaudensi aliitikia kila moja, "Ndiyo, hiyo ndiyo," kama anayeitwa jina darasani.

Kisha Skolastika akaacha kusoma katikati ya barua, akainua macho.

"Mzee. Hii ni ruhusa ya siku saba. Kwenda kumzika mkeo."

"Wilibroda. Ndiyo, hiyo ndiyo."

"Ni miaka sita sasa. Mimi nilikuwepo hapa. Sote tulikuwepo. Mbona hatukujua?"

Gaudensi alifikiri, akatafuta jibu lisilomlaumu mtu. Halikuwepo, akasema lililokuwepo.

"Matangazo ya misiba hubandikwa na masjala."

Skolastika akaitoboa ile karatasi kwa uangalifu, akaitia uzini. Siku saba zile waliziona, sasa alikumbuka. Walikuta dirisha limefungwa, wakanung'unika kwamba mzee huyu siku hizi anachelewa kazini.

Karani mmoja mgeni, akipita koridoni, alimkuta Atilio amesimama nje ya dirisha la masjala na vikombe vitatu vya chai mkononi, hapigi hodi wala haondoki.

"Karani Mkuu anafanya nini huko ndani?" mgeni akauliza. "Si ana watu wa kutia karatasi?"

Siku nyingine Atilio angejibu kwa mzaha. Safari hii mzaha haukuja. "Mtunza majalada," alisema, "lake lina karatasi moja." Akagonga kioo kwa kiwiko afunguliwe.

Neno likatoka bomani, likaenda sokoni, likaenda kanisani, likafika mpaka zahanati kwenu. Sasa najua mjanja mmoja ataniambia, si ni ile ile ya kinyozi hajinyoi? Hapana, mwanangu. Kinyozi akikosa wa kumnyoa, nywele zake zinaonekana, hata mpita njia atamcheka na kumnyoa. Huyu wa Ilunda alitokea kila siku dirishani, safi, amechana nywele, na hapakuwa na kitu cha kuonekana.

Kwa hiyo kesho mkirudi zahanati, yule nesi mpelekeeni hata chai ya tangawizi, na mmuulize nani anamtibu yeye. Mtunza majalada, lake lina karatasi moja.