Bi Kigong'ota na Mwito wa Hondohondo

Wanangu, paukwa!

"Pakawa!"

Aa, hiyo ni pakawa ya njaa. Kazeni sauti. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale palikuwa na ndege fundi, Bi Kigong'ota. Kazi yake kuchonga matundu mitini. Ndege yeyote aliyelala pakavu wakati wa mvua, alilala katika tundu alilochonga yeye. Fundi haswa, na mwenyewe alilijua hilo.

Mkubwa wake wa kazi alikuwa Hondohondo, mwenye mdomo mkubwa, na maneno makubwa kuliko mdomo. Yeye hupokea wateja tu, kisha huita.

Siku moja Bi Kigong'ota anakula mchwa wake. "Kigong'ota we! Kasuku anataka tundu!" "Abee, naja!" Akaacha mchwa.

Siku nyingine anawaimbia makinda wake. "Kigong'ota we! Chole anataka tundu!" "Abee, naja!" Akaacha wimbo katikati.

Siku nyingine amejilaza, hoi. "Kigong'ota we! Bundi anataka tundu!" "Abee, naja!" Akaacha usingizi.

Ikawa ndiyo hali. Mwishowe kichwa kikawa kinagonga chenyewe, ko-ko-ko, hata mdomo ukiwa umetulia. Makinda wakimwita, "Mama!" yeye hujibu, "Abee, naja! Tundu la nani?" Makinda wakalia.

Asubuhi moja akatua juu ya gogo, akaanza kuchonga. Ko-ko-ko! Gogo likapiga kelele, "Mama we! Huo ni mgongo wangu!"

Kumbe ni Kobe!

Chekeni, chekeni. Bi Kigong'ota hakucheka. Alikaa kitako akalia. "Nisamehe, Bibi Kobe. Akili yangu inaniacha."

"Imechoka tu, mjukuu wangu, nawe huipumzishi," Kobe akasema, huku akijisugua mgongo kwenye shina. "Mimi nikichoka huingiza kichwa ndani. Anayetaka kuniona, na angoje."

Bi Kigong'ota akawaza. Hondohondo atakasirika, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Akamwendea, kichwa juu.

"Bwana Mkubwa, tangu leo, jua likipanda nipo, jua likishuka sipo. Nikila, nakula. Nikiwa na wanangu, niko na wanangu."

Hondohondo akacheka mpaka akakohoa. Jioni akaita kwa sifa, "Fundi wa mafundi, njoo!"

"Jua limeshuka, sipo!"

Jioni ya pili akaita kwa vitisho, "Nitatafuta fundi mwingine!"

"Mtafute. Jua limeshuka, sipo!"

Jioni ya tatu akaita kwa machozi, "Wateja watanicheka, mwenzangu!" Hapo moyo ulimuuma Bi Kigong'ota, maana alizoea kuhitajiwa. Lakini akawakumbatia makinda kwa mbawa zake. "Jua limeshuka, sipo!"

Hondohondo akaona ni kazi rahisi, atachonga mwenyewe. Akarudi nyuma, akaja mbio, pu! Mdomo ukanasa mtini, miguu hewani. "Uwii! Nakufa!"

Bi Kigong'ota akachomoka mbio. Makinda wakashangaa, "Mama, si ulisema hupo?"

"Kwa kazi sipo, wanangu. Kwa roho ya mtu nipo."

Akachonga kando ya ule mdomo, taratibu, mpaka ukachomoka. Hondohondo akaanguka chini pu! Akajipangusa vumbi, akahema, kisha akasema nini? "Maadamu umeshakuja, tumalizie tundu hili."

Jamani, wengine hawajifunzi!

Bi Kigong'ota akamtazama toka kishungi hadi kucha. "Kesho," akasema, akaruka zake, wala hakugeuka nyuma.

Kulipokucha, ndege walikuwa wamejipanga foleni kumngoja, na Hondohondo mwenyewe nyuma yao, kimya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bi Kigong'ota akamaliza kifungua kinywa chake, polepole. Kisha akaja, akachonga kwa maringo, na matundu ya siku ile yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuchonga.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: kazi haiishi, anayeisha ni mfanyakazi. Fundi anayejiheshimu huiwekea kazi yake mpaka, na walio nje ya mpaka huja kumheshimu.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwafaa, ibebeni mwende nayo. Isipowafaa, niachieni mwenyewe, mimi sijachoka nayo.