Kiboko Aliyetaka Kutazamwa

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na bwawa!

Lina maji?

Maji yapo, tena mengi. Na mwenye kuyakalia yupo pia!

Basi mwenye kuyakalia alikuwa Bwana Kiboko, tumbo kama ghala, mdomo kama mlango wa ghala. Mwaka huo mvua iligoma, visima vyote vikakauka, likabaki bwawa lile tu. Na yeye hakumkataza mtu kunywa, la, msije mkamsingizia. Alisema tu, "Kwanza nisifuni. Nikiridhika, mtakunywa."

Tabu ni kwamba haridhiki.

Akaja Swala. "Bwana Kiboko, wewe ni mzuri."

"Mzuri kama nani?"

"Kama mwezi."

"Mwezi una madoa! Mimi nina madoa? Rudi kesho!"

Akaja Punda Milia. "Bwana Kiboko, wewe una nguvu."

"Nguvu kama nani?"

"Kama Tembo."

"Kumbe Tembo ananizidi? Rudi kesho!"

Akaja Nguchiro, mama mwenye umbo dogo, mwepesi wa ulimi, na watoto wake nyuma kwa mstari. Makoo yamewakauka, kau! Kitindamimba wake hakuwa na hata machozi ya kulilia. Nguchiro hajafungua kinywa, Kiboko akakunja uso.

"Huyo mdogo mbona ananitazama bila kutabasamu? Rudini kesho!" Akazama zake, bubububu.

Nguchiro alikasirika mpaka mkia ukamsimama. Aliwaacha watoto kwenye kivuli cha kichuguu, akaenda mbio kwa mama yake Kiboko. Bibi yule alikuwa akiishi peke yake bondeni, katika tope zito ambalo hata chura asingelinywa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Nina kiu, bibi, na wanangu wana kiu. Mwanao hashibi sifa. Ulimlisha nini utotoni?"

Bibi akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Nilimlisha hizo hizo sifa. Akiwashinda wenzake kupiga mbizi, nilimwita mfalme, jua langu, dhahabu yangu. Akishindwa, nilimgeuzia mgongo mpaka kesho yake. Siku moja aliteleza akaumia, akanijia analia. Nikamwambia, mfalme halii, huyu mimi simjui. Akanyamaza. Hajalia tena tangu siku ile, mwanangu, na hajashiba tangu siku ile."

"Kwa hiyo asipotazamwa?"

"Anaona kama hayupo."

Nguchiro alimhurumia Kiboko, nawaambia kweli. Lakini huruma hainyweki, na watoto walikuwa wanamsubiri pale kichuguuni. Akarudi, akawakusanya wanyama wote, akawanong'oneza, nong'o nong'o nong'o, halafu akasogea ukingoni mwa bwawa.

"Bwana Kiboko! Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Siku zote tunasifu pua na masikio tu, maana kwingine kote kumezama. Tumbo lile, mgongo ule, mapaja yale, nani amewahi kuyasifu?"

Kiboko akawaza. Kweli, hakuna.

"Pale juu kuna mwamba," akasema Nguchiro. "Ungepanda, ungetazamwa mzima mzima."

Kiboko akatoka. Tii! Tii! Tii! Maji yanamtiririka, churururu. Akapanda mwambani, akatuna. Nusu ya wanyama wakamzunguka.

"Tumbo hilo!"

"Oyee!"

"Mgongo huo!"

"Oyee!"

Na nusu nyingine? Wako bwawani, gwi gwi gwi! Wakishiba hao, wanakuja kusifu, na waliokuwa wakisifu wanakwenda kunywa.

Mara Kiboko akasimamisha masikio. "Nasikia gwi gwi. Nani anakunywa maji yangu?" Akaanza kugeuza shingo. Wanyama wakakauka, jii! Mtoto wa Nguchiro, yule kitindamimba, ndiyo kwanza alikuwa anainamisha kichwa.

"Usigeuke, bwana!" akapiga kelele Nguchiro. "Ukigeuka, wa upande huu wataukosa uso wako!"

Shingo ikarudi upesi.

"Lakini jua linanichoma!"

"Unang'aa, bwana!"

"Nang'aa?"

"Hatujaona mfano."

Akavumilia. Jasho likamtoka, jasho jekundu, kama kawaida ya viboko. "Tazameni!" akasema Nguchiro. "Hata jasho lake ni la kifalme!" Kiboko akatuna zaidi.

Kitindamimba alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma. Alipomaliza akaja upande wa wanaosifu, akakaa chini, akaangua kilio, ngwee! Machozi yanamiminika. Nguchiro alifurahi kupita kiasi, akasahau hata kusifu, akakimbia kumpakata.

"Huyo analia nini?" akauliza Kiboko kutoka juu.

"Hata mwenyewe hajui, bwana."

"Na bado unampakata?"

"Sasa nimweke wapi?"

Kiboko akawatazama, mama na mtoto. Akawatazama muda mrefu, na muda wote huo hakudai sifa hata moja. Halafu akakohoa. "Haya, endeleeni," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Wakaendelea. Jua lilipopinda akashuka, akajitupa majini, chubwi! Amefurahi huyo! Kesho yake asubuhi akapanda mwenyewe bila kuitwa. Na tangu hapo kila asubuhi yeye yuko mwambani, wenzake wako kwa zamu, nusu oyee, nusu gwi gwi, na hakuna aliyekufa kwa kiu.

Ngano yangu imekunywa, imeshiba, imejilaza kivulini. Msiiamshe!

Fundisho? Fundisho ni hili, wazazi mnisikie. Mtoto akilia, msimpakate kabisa. Mgeuzieni mgongo, atakuwa mkubwa. Atakuwa mkubwa kweli kweli, mpaka nchi nzima iache shughuli zake, ije imsaidie mama yake kumpakata.