Shimo Lenye Sauti za Wapendwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa shimo.

Shimo la nani?

La mwenye sauti za watu.

Haya, sogeeni. Aliye na mtoto na ampakate.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na baraza lao na sheria zao, palikuwa na bonde lenye lambo moja la maji. Wanyama wote wa bonde walikunywa hapo.

Wanyama hao waliwahi kupigana vita vibaya sana. Na chanzo chake kilikuwa nini? Tunda. Nyani alisema hakuna kitu kitamu kama ukwaju. Ngiri akasema ukwaju unachoma meno, hakuna kitu kitamu kama kiazi mwitu. Huyu akasema umekosea, yule akasema umekosea wewe. Wakashikana. Jamaa wa huyu wakaingia, jamaa wa yule wakaingia, na jua lilipotua maiti zilikuwa zimelala kando ya maji.

Ndipo Mzee Nyati, mkubwa wa bonde, alipoweka sheria. Akasema, "Kuanzia leo, mnyama asimwambie mwenziwe, 'Umekosea.' Mwenzenu akitoa rai yake, itikieni: Kila mdomo na ladha yake! Atakayevunja sheria hii hatakunywa lamboni mpaka mvua zirudi."

Sheria ikaleta amani. Akisema Nyani ukwaju ni mtamu, Ngiri alijibu, "Kila mdomo na ladha yake." Akisema Fisi yeye ana sauti nzuri kuliko ndege wote, ndege walimeza mate, wakajibu, "Kila mdomo na ladha yake." Watoto walizaliwa wakalikuta neno hilo, wakalinyonya pamoja na maziwa.

Basi katika bonde hilo aliishi Mama Paa, mjane, na watoto wake wawili. Mkubwa alikuwa mwanamume, jina lake Kombo. Mdogo alikuwa binti, jina lake Sikitu. Wakati wa masika Kombo alishikwa na homa. Akaugua, akadhoofika, akafa. Mama Paa akamfunga macho kwa ulimi wake, kama ilivyo desturi ya paa, akasema, "Mwenyewe aliyetoa ametwaa. Sina neno." Alisema hana neno, lakini kila alfajiri aligeukia upande wa makaburini, akasimama pale mpaka umande ukakauka mgongoni mwake.

Masika yakapita. Kiangazi kikaja, kikakaa, kikakataa kuondoka. Lambo likapungua.

Siku moja wanyama waliamka wakakuta jiwe kubwa la mlimani limepasuka, na chini yake pana shimo. Shimo jeusi. Hakuna ndege aliyetua karibu yake. Nyasi zilizolizunguka zilikuwa zimelala zikielekea ndani, na upepo ulipovuma kutoka ndani kuja nje, nyasi ziliendelea kulala zikielekea ndani.

Na shimo lile lilikuwa likisema.

Mzee Nyati alipolikaribia alisikia sauti ya baba yake aliyekufa. "Mwanangu, njoo. Huku kuna maji." Bibi Nungunungu alisikia sauti ya mumewe. "Mke wangu, njoo. Huku pana baridi."

Wakaitisha baraza. Fisi akasimama wa kwanza, akilamba midomo. "Kwa rai yangu, humo mna karamu. Mimi nanusa nyama."

"Kila mdomo na ladha yake!" wakaitikia.

Nyani akasimama. "Kwa rai yangu, huo ni mlango wa mababu zetu."

"Kila mdomo na ladha yake!"

Mama Paa akasimama. "Kwa rai yangu, jamani, pale si pazuri. Wafu wako mikononi mwa Mungu. Hawakai shimoni kuita watu."

"Kila mdomo na ladha yake!" wakaitikia, kwa adabu ile ile, kwa sauti ile ile. Wakaiheshimu rai yake, wakaipita kama jiwe la njiani.

Fisi akaenda, akaingia. Kitambo kidogo sauti yake ikatoka, "Karamu! Njooni!" Wanyama wakamngoja mpaka jioni. Hakutoka.

Sungura akasema, "Shemeji Fisi akikutana na nyama huwa hakumbuki kwao. Kwa rai yangu, kanogewa."

"Kila mdomo na ladha yake!"

Nyani akaenda na mkewe, wakaingia. Kitambo kidogo sauti ya Nyani ikatoka, "Mababu wapo! Njooni!" Hawakutoka. Wanyama wakasema, kwa rai yetu, nani atakayeacha mababu zake upesi? Kila mdomo na ladha yake.

Siku ile Sikitu alirudi nyumbani macho yakimng'aa. "Mama! Kaka Kombo ananiita. Kaniita kwa jina langu."

Mama Paa akamwambia, "Kombo amekufa, mwanangu. Nilimfunga macho mimi mwenyewe."

"Hiyo ni rai yako, mama."

"Si rai, Sikitu. Amekufa."

"Na mimi rai yangu ni kwamba yu hai. Kila mdomo na ladha yake. Si ndivyo ulivyonifunza?"

Mama Paa akafungua kinywa. Neno alilolitaka lilikuwa moja tu, na neno hilo lilikatazwa. Akafunga kinywa.

Nanyi msimhukumu, wasikilizaji wangu. Maana moyoni mwake mlikuwa na sauti ndogo iliyosema: Je, kama mtoto hakukosea? Je, kama ni yeye kweli?

Kesho yake, jua la utosini, wakati kivuli cha mnyama kinajificha chini ya tumbo lake, Mama Paa alipanda mlimani peke yake. Akasimama mbele ya shimo. Nyasi zikamgusa kwato.

"Kombo," akasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama," likajibu shimo. Na ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na ule mkwaruzo mdogo wa koo ulioanza alipougua. Mama Paa akapiga hatua mbele bila kujua.

"Mwanangu, unakumbuka tulipokuwa tunalala chini ya mkwaju?"

"Nakumbuka, mama. Chini ya mkwaju."

Mama Paa akasita. Hawakulala chini ya mkwaju hata siku moja. "Au nimesahau? Hatukuwa tukilala kwenye kichaka cha miiba?"

"Ndiyo, mama. Kwenye kichaka cha miiba."

Baridi ikampanda Mama Paa mgongoni, na jua liko utosini. Akauliza la tatu, na hili lilitoka mahali palipokuwa pakimuuma tangu masika. "Kombo, mimi nilikuwa mama mbaya. Nilichelewa kukutafutia dawa. Nilikuacha ufe."

"Ndiyo, mama," ikasema sauti ya mwanawe, taratibu, kwa upendo. "Ulikuwa mama mbaya. Uliniacha nife."

Hapo ndipo Mama Paa alipojua. Maana Kombo alikuwa mtoto mbishi. Ukimwambia leo kuna baridi, alisema hakuna. Ukimwambia amekonda, alisema amenenepa. Na siku ile ya mwisho, homa ikimchoma, mama yake alipolia akisema, "Nimechelewa, mwanangu, kosa ni langu," Kombo aliinua kichwa kwa shida, akamnong'oneza neno lililokatazwa: "Umekosea, mama." Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho duniani.

Aliyempenda alimkatalia. Hiki kilichomo shimoni kinakubali kila kitu.

Mama Paa akarudi nyuma, hatua kwa hatua, bila kuligeuzia shimo mgongo. Nyasi zikamvuta kwato kama vidole vya mtoto.

Alipofika bondeni alikuta baraza limekwisha. Lambo lilikuwa limebaki tope, na Mzee Nyati alikuwa amekata shauri. Vijana wote wa bonde waingie shimoni wakanywe maji mpaka kiangazi kiishe. Na vijana walikwisha kupangwa mstari kuelekea mlimani. Wa mbele alikuwa Ngiri, mtoto wa yule Ngiri wa kiazi mwitu. Wa pili alikuwa Sikitu.

Mama Paa akawakimbilia mpaka kwenye jiwe. Akapaza sauti. "Mzee Nyati, umekosea!"

Wanyama wote wakamgeukia.

"Umesema nini, Mama Paa?" akauliza Mzee Nyati.

"Nimesema umekosea, mzee wangu, kwa heshima zote. Na Fisi alikosea. Na Nyani alikosea, Mungu amrehemu."

"Unajua sheria. Tope hilo lililobaki hutalionja."

"Sitalionja. Lakini nisikilizeni. Ukwaju ukikupendeza wewe na kunichoma mimi, hakuna aliyekosea, kila mdomo na ladha yake. Lakini shimo hili ama lina maji, ama lina mauti. Haliwezi kugeuka maji kwa sababu tumelisema vizuri."

"Mama, unaniaibisha," akasema Sikitu.

Ngiri akacheka. "Shangazi, hiyo nayo ni rai yako. Tusicheleweshane, koo limekauka." Akageuka, akaanza kuingia kinyumenyume, maana ndivyo ngiri wote wanavyoingia shimoni, matako mbele na uso nyuma.

"Mzee Nyati," Mama Paa akasihi, "muulize baba yako amekufaje. Swali moja tu."

Mzee Nyati akamtazama kwa hasira, kisha akaliinamia shimo. "Baba, si uliuawa kwa mkuki?"

"Niliuawa kwa mkuki, mwanangu."

"Unasikia?" akasema Mzee Nyati.

"Nasikia. Bibi Nungunungu, nawe muulize huyo huyo kama hakufa kwa kuzama."

Bibi Nungunungu akasogea, miiba yake ikigongana. "Ewe baba wa Nyati, si ulizama mtoni?"

"Nilizama mtoni," ikasema sauti ile ile, taratibu, kwa upendo.

Pembe za Mzee Nyati zikainama.

Ngiri alikuwa ameingia nusu, uso wake umeelekea nje. Alikuwa bado anatabasamu, lile tabasamu la adabu tulilofundishwa sote. "Jamani," akasema, "kwa rai yangu... kuna kitu kimenishika."

Hakuna aliyeitikia.

"Kwa rai yangu, sina tena miguu ya nyuma."

Ukaonekana uso wake unarudi nyuma gizani, na miguu yake ya mbele haikusogea hata kidogo. Ilikuwa imenyooka, kwato zikichora mistari miwili mchangani. Uso ukawa mdogo. Ukawa pembe mbili nyeupe. Ukaisha. Mchanga ulikuwa bado haujatulia, na sauti ya Ngiri ikatoka, changamfu, "Huku pazuri! Njooni!"

Wanyama wakapiga kelele, wakarudi nyuma. Lakini Sikitu hakurudi. Alisimama ukingoni, masikio mbele.

"Sikitu," likaita shimo. "Dada yangu."

"Ni Kombo, mama," akasema mtoto, machozi yakimtoka. "Ngiri sijui. Lakini huyu ni Kombo."

"Umekosea, mwanangu." Mama Paa akasogea mpaka akasimama kando yake, mbavu kwa mbavu. Angeweza kumng'ata shingo amvute. Lakini mtoto aliyevutwa leo atarudi kesho mwenyewe. Basi akaliinamia shimo, akasema, na kila neno lilimkata akilitoa:

"Wewe si mwanangu."

"Mimi si mwanao," ikajibu sauti ya Kombo.

"Mwanangu amekufa."

"Mwanao amekufa."

"Humo hamna Kombo. Humo hamna maji. Humo mna mauti yenye njaa."

"Humu hamna Kombo," ikasema sauti ya Kombo, na ule mkwaruzo mdogo wa koo. "Humu hamna maji. Humu mna mauti yenye njaa. Njoo, Sikitu."

Sikitu akapiga ukelele, akageuka, akakimbia. Akakimbia mpaka bondeni.

Wanyama walikusanya mawe tangu wakati huo mpaka jua likazama, Mzee Nyati akisukuma makubwa kwa pembe, Bibi Nungunungu akikokota madogo. Wakaliziba. Chini ya mawe sauti zilisikika kwa muda, Fisi, Nyani, Ngiri, zikialika. Kisha zikakubali kunyamaza.

Mzee Nyati akashuka na Mama Paa mpaka lamboni. Akamwambia, "Kunywa wewe kwanza." Wakagawana tope lile mpaka mvua zikarudi. Tangu siku hiyo sheria ikawa hivi: juu ya utamu na uzuri, kila mdomo na ladha yake. Lakini juu ya lililopo na lisilokuwepo, juu ya uhai na mauti, mwenzako akikosea mwambie, na ukiambiwa sikiliza, ukachunguze.

Na Mama Paa? Alipofika nyumbani alilala chini, akamlilia Kombo. Alikuwa amemlilia masika yote kama anayemngoja msafiri. Safari hii alimlilia kama anavyoliliwa marehemu. Sikitu akaja akalala ubavuni mwake, na asubuhi wakaamka wote wawili.

Wasikilizaji wangu, funzo lake ni hili. Ulimi una haki ya kuchagua utamu, lakini hauna uwezo wa kuigeuza sumu kuwa asali. Rai ya mtu inaweza kuwa sawa, na inaweza kuwa kosa. Anayekubali kila neno lako hakupendi. Anayekupenda ipo siku atakuambia umekosea, na sauti yake itatetemeka.

Hadithi imefika kituo chake. Utamu wake gawaneni ninyi, uchungu wake niachieni mimi.