Tangi Moja na Popo wa Bi Mize

Acha kuguna. Hujasikia hata jina la mtu, umeshaguna. Tangi lilikuwepo, popo walikuwepo, na kama unabisha nenda Kwamchaka ukaulize. Ukirudi na uso huo huo, basi umezaliwa nao.

Hapo zamani, si ile ya majini na wana wa wafalme, ni zamani ya juzi tu, pale watu wa Pemba walipoambiwa kwamba kumbe wanaishi katikati ya maajabu, palikuwa na bibi mmoja akiitwa Mize binti Hamadi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini Kwamchaka, pale barabara inapokata tamaa. Nyuma ya nyumba ilisimama misufi minne mirefu, na kwenye misufi walilala popo, wale wakubwa wenye manyoya mekundu na nyuso kama za vijibwa. Mbele ya nyumba kulikuwa na mteremko, na chini ya mteremko kisima. Bi Mize alikuwa na goti moja zima na moja bovu. Akipandisha ndoo asubuhi, ndoo hiyo ilikuwa ya kutwa nzima, maana goti halikukubali ya pili.

Basi ikaja safari ya wageni. Walikuwa kumi na mmoja, wamepakiwa gari moja, wazungushwe kisiwa kizima kwa siku mbili waone wanyama na mandhari. Dereva alikuwa Shaame. Mwongozaji alikuwa Faki, kijana wa hapo hapo, mwenye fulana ya mifuko tisa na hakuna hata mmoja uliokuwa na kitu. Kwa Faki kila kitu kilikuwa adimu duniani. Wakapita msituni, tumbili adimu. Wakapita pwani, kaa adimu. Ng'ombe wa mtu akakatiza njia, Faki akafikiri kidogo, kisha akawaambia kwamba ng'ombe wa kuvuka kwa mwendo ule hawamkuti pengine. Wageni wakapiga picha.

Kwenye bonde la mpunga gari likazama. Walisukuma, likazidi kuzama. Shaame alikuwa na kanzu mpya, jioni alikuwa na harusi ya dada yake. Akaivua, akaitandika chini ya gurudumu, gari likatoka. Kanzu haikutoka. Wageni wakapiga picha.

Wakafika Kwamchaka. Wakapiga picha kanga za Bi Mize kwenye kamba, wakampiga na mwenyewe mlangoni, na katika wote kumi na mmoja, pamoja na Faki, hakuna aliyempa shikamoo.

Ilikuwa adhuhuri. Popo walikuwa wamelala, wananing'inia kama nguo nyeusi zilizosahauliwa kuanuliwa. Lakini mgeni hakutoka kwao kuja kutazama usingizi, anataka kinachoruka. Faki akapiga makofi. Kimya. Akapiga tena. Popo mmoja akajikuna. Faki akaokota jiwe, na hapo ndipo Bi Mize alipotoka na upawa mkononi. Akamtukana Faki, akamtukana babu yake Faki, akaitukana mifuko mmoja mmoja, yote tisa, kwa sauti ambayo kisimani ilisikika. Popo wote wakaruka kwa pamoja. Jua likafunikwa. Wageni wakatokwa na machozi, na bibi mmoja wa kizungu mwenye kofia pana akauliza wimbo ule wa kienyeji una maana gani. Faki akamjibu kwamba ni wimbo wa kuwakaribisha.

Miezi minne ikapita. Siku moja likaja lori limebeba tangi jeusi la maji, lita elfu mbili, na mabomba yake, na mfereji wake wa kukinga maji ya paani. Lilikuja na karatasi kutoka kwa wale wageni: hili ni la yule ambaye bila yeye tusingewaona popo. Jina hawakuandika. Lori likafika pale barabara inapoishia, likalishusha tangi mlangoni kwa Bi Mize, likageuza.

Bi Mize akalizunguka mara mbili. Akaligonga kwa kidole. Akatazama paa lake la bati, akatazama mteremko. Alipoinua uso akaona wanaume watatu wanakuja, na sheha, kiongozi wa kijiji, mbele yao.

Sheha akasema jua kali, heri wakae ndani. Wakakaa ndani. Ukumbini palikuwa na ndoo moja, ile ya asubuhi, na kata juu ya kifuniko.

Akaanza Shaame. "Sheha, bila mimi wangekuwa bondeni hadi leo, wamesimama na mpunga. Nilikwenda harusini kwa dada yangu na singlendi. Picha zote za harusi mimi ndiye yule wa singlendi. Tangi ni la aliyewafikisha." Akamaliza, akachota kata ya maji, akanywa.

Akafuata Faki. "Gari linakwenda linakopelekwa. Mwaka mzima niliwaandikia wageni wale. Wao walitaka kulala ufukweni na kubabuka ngozi, mimi ndiye niliyewaambia kuna popo. Bila mimi wasingejua hata kuna Kwamchaka. Tangi ni la aliyewaita." Akamaliza, akachota kata ya maji, akanywa. Akachota na ya pili, maana alikuwa amesema sana.

Wa tatu alikuwa Mzee Khatibu, ambaye zamani alikuwa akiwanasa popo kwa wavu na kuwachoma. "Nyinyi mnazungumza habari za gari na barua," akasema. "Mimi niliwala popo wale tangu nina meno ya utoto. Mwaka ule Bi Mize aliponichania wavu, ningeweza kuushona. Sikuushona. Nilisema basi, watakwisha hawa. Miaka saba sasa. Kila magharibi wanapita juu ya paa langu, wamenona, na mimi nimekaa na muhogo wangu mkavu nameza mate. Tangi ni la aliyeacha kuwala." Akamaliza, akachota kata ya maji, akanywa, na kwa kweli ndiye aliyekuwa na kiu kuliko wote.

Sheha akamgeukia mwenye nyumba. "Na wewe, Bi Mize? Misufi si yako?"

"Yangu."

"Basi ulikuwa ukiwatunza popo."

Hapo neno moja lingetosha. Angesema ndiyo, tangi lingelala kwake, na kisima kingebaki kuwa cha wenye magoti. Bi Mize alilijua neno hilo, likamfika hadi ulimini. Akalitazama goti lake. Akawatazama wanaume wanne waliokaa juu ya mkeka wake.

"Sikuwatunza," akasema. "Wananinyea kanga. Nilikuwa nalinda sufi zangu za kutilia mito. Mwenye wavu nilimfukuza, mwenye shoka nilimfukuza, na huyu mwenye mifuko nilimfukuza. Popo wamebaki pale kwa sababu ya mdomo wangu, si kwa sababu ya huruma yangu."

Faki akarukia hapo hapo kwamba bibi amekiri mwenyewe, hakukusudia. Mzee Khatibu akasema kukusudia ndiko kulikomkondesha yeye. Shaame akakumbusha kanzu. Sheha akasema jambo hili linataka koo laini, akainamisha ndoo, akakwangua na kata mpaka chini, akanywa yaliyobaki.

Bi Mize akanyanyuka. Akaichukua ndoo, akaigeuza, halikuanguka hata tone.

"Nikirudi nitamfungulia mwenye tangi," akasema. "Wengine mtajijua."

Akatoka, akafunga mlango, akatia kufuli kwa nje. Akapita kando ya tangi, akaanza kuteremka, goti zima mbele, goti bovu nyuma.

Haya, nyinyi mlio nje ya mlango, hamna kiu wala hamna haraka. Yupo aliyewafikisha wageni. Yupo aliyewaita. Yupo aliyeacha kuwala popo akijua anaacha nini. Na yupo aliyewaweka hai kwa ugomvi tu, akaikataa sifa isiyo yake. Je, nani alistahili tangi?