Kiti cha Kumi na Tano

Sogeeni karibu. Mwenye simu aizime, mwenye chai aendelee kunywa. Hadithi ya leo nitaianza mimi, ila kuimaliza ni kazi yenu, kwa hiyo msije mkasema sikuwaonya.

Palikuwa na chuo kimoja huko Nyanda za Juu Kusini, kwenye baridi ya kumfanya mtu ashike kikombe kwa mikono miwili. Jina la chuo nalihifadhi. Mimi nilikuwa mhudumu wa maktaba pale, na wanachuo watatu walikuwa na meza yao karibu na dirisha, utadhani wameinunua.

Wa kwanza alikuwa Nyamizi, binti wa Urambo. Huyu alijaliwa macho. Yale maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa, ambayo mimi na wewe tunayaruka, yeye ndiyo aliyoanza nayo. Hata pakiti ya majani ya chai aliisoma mpaka jina la kiwanda. Na alichokisoma mara moja hakikumtoka tena.

Wa pili alikuwa Sufiani, kijana wa Kilwa. Huyu alijaliwa ulimi. Si ulimi wa uongo, hapana, ni ulimi wa kumfanya mtu ajisikie vizuri. Alikuwa akimsalimu mtu mwenye haraka, na mwenye haraka anavuta kiti.

Wa tatu ni Tulinagwe, binti mwenyeji wa Rungwe. Huyu alijaliwa subira. Maneno yake yalikuwa machache, lakini foleni iliyowashinda wenzake wote, yeye utamkuta bado amesimama, wala uso haujakunjamana.

Wote walikuwa mwaka wa tatu katika masomo ya sanaa, na uliwabakia muhula mmoja tu wamalize. Ukafika wakati wa kuchagua masomo ya muhula huo wa mwisho. Mnajua mambo ya kuchagua masomo. Huyu anauliza lipi rahisi, yule anauliza lipi halina mtihani, mwingine anauliza rafiki yake kachagua nini ili wakae pamoja. Mwaka ule karibu wote walikimbilia somo la Uandishi wa Miradi, kwa sababu ulivuma uvumi kwamba ukilisoma hilo ajira inakusubiri getini.

Hawa watatu wakachagua Historia Simulizi. Lilifundishwa na Dakta Sekela, mama mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa. Katika somo lile hukai darasani na kitabu. Unapelekwa kwa mwenyeji mmoja kijijini, mkunga mstaafu au dereva wa zamani wa malori ya chai, unakaa naye wiki nne ukimsikiliza, kisha unaandika alichokuambia, neno kwa neno.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Nyamizi alikuwa na bibi aliyejua nyimbo za warina asali, na bibi mwenyewe umri umekwenda. Alitaka ajifunze namna ya kuzihifadhi kabla hazijafukiwa. Sufiani alitamani kazi ya redio, na alikwisha kugundua kwamba anajua kusema kuliko anavyojua kusikiliza. Tulinagwe ukoo wao ulihama bonde fulani zamani, na nyumbani hakuna aliyetaka kulizungumzia. Yeye alitaka ajue jinsi ya kuuliza bila kuumiza.

Basi wakajisajili. Jumatatu moja asubuhi wakakuta karatasi kwenye ubao wa matangazo: Somo la Historia Simulizi limefutwa. Waliojisajili ni watatu. Hawatoshi.

Walikuja maktaba kama watu waliofiwa. Sufiani akalaza kichwa mezani. Tulinagwe akatazama dirishani. Nyamizi akaja mezani kwangu.

"Shikamoo, kaka. Naomba kanuni za chuo."

"Marahaba. Kile kitabu kinene?"

"Hicho hicho."

Hakuna mwanachuo aliyewahi kukiomba. Nilikitoa kwenye rafu ya juu, nikakipangusa vumbi kwa mkono wa sweta. Nyamizi akaketi nacho asubuhi nzima. Akapitiliza chakula cha mchana. Alasiri nikamsikia akipiga meza, nami ikabidi nimwonye, maana maktaba ni maktaba.

"Nimeipata!" akasema, bila hata kushusha sauti. "Ukurasa wa arobaini na moja, chini kabisa. Somo lililofutwa linaweza kurudishwa, mradi wapatikane wanachuo kumi na wawili, kila mmoja ajaze fomu mpya, mkuu wa idara atie sahihi kila fomu, na fomu zimfikie msajili kabla ya Ijumaa saa kumi jioni."

Hata Dakta Sekela alipoonyeshwa aliinua miwani. "Nimefundisha hapa miaka kumi na moja," alisema, "na ukurasa huu sikuujua."

Sasa wakahitajika watu. Hapo akasimama Sufiani. Jumanne alikuwa bwenini, Jumatano alikuwa kantini, Alhamisi alikuwa uwanja wa mpira. Huko uwanjani alimfuata golikipa mmoja aitwaye Chaula, bonge la mtu, nyuma ya goli lake.

"Chaula, njoo tusome Historia Simulizi."

"Historia inanitia usingizi, Sufi. Niache nidake."

"Hii si ya kusoma, ni ya kuuliza. Hebu niambie, babu yako alikuwa nani kabla hajawa babu yako?"

Chaula akaacha kuutazama mpira. Mpira ukampita ukaingia wavuni, wenzake wakamzomea, wala hakugeuka.

"Sijui," akasema. "Alikufa nikiwa darasa la nne. Sijui kabisa."

"Basi."

"Leta hiyo fomu."

Hivyo ndivyo alivyowapata, mmoja mmoja. Binti wa masomo ya ushirika aliyekuwa anachukia kuandika, kaka mmoja wa jiografia, hata mtu wa uhasibu aliyekuwa na nafasi ya somo moja la hiari. Alhamisi mchana walikuwa kumi na wanne, kuzidi hesabu iliyotakiwa. Nyamizi akawajazisha fomu zote hapo maktabani, akizipitia moja moja, maana fomu yenye kosa hata la herufi hurudishwa.

Tulinagwe akazichukua azipeleke kwa mkuu wa idara, Mwalimu Kyando. Akakuta mlango umefungwa.

"Amekwenda kwao kuvuna viazi," akaambiwa na karani. "Atarudi Jumatatu."

Jumatatu! Na mwisho ni Ijumaa. Simu ya mwalimu ikipigwa haipatikani, maana kule kwao mtandao haupatikani mpaka upande kilima. Sufiani akashika kichwa. Tulinagwe akazifunga fomu ndani ya mfuko wa plastiki, na Ijumaa alfajiri akaomba lifti kwenye lori lililokuwa likienda huko kupakia viazi, kisha akatembea saa nzima kwenye tope.

Alimkuta Mwalimu Kyando shambani, suruali ameikunja magotini, pamoja na mama yake mzazi na ndugu zake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe si mwanachuo wangu? Umefuata nini huku?"

Akamweleza. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Binti, mimi niko likizo. Mambo ya ofisi hukaa ofisini. Mvua inakuja na viazi bado viko ardhini. Njoo Jumatatu."

Mwingine angelia. Mwingine angebisha. Tulinagwe aliweka mfuko wake juu ya jiwe, akavua viatu, akaokota jembe lililokuwa halina mtu, akaanza kuchimba. Alimaliza tuta la kwanza. Akaingia la pili. Hakumtazama mwalimu, wala hakumkumbusha. Alipofika tuta la nne, yule mama mzee akaweka kikapu chini.

"Wewe Kyando," akasema, "mtoto wa watu anakuvunia viazi tangu asubuhi, nawe unamnyima jina lako? Jina lako nililitoa mimi. Liandike."

Watu wakaangua kicheko, na mwalimu mwenyewe akacheka mpaka akajifuta macho. Aliketi juu ya gunia, akatia sahihi fomu ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na nne. Kila fomu ikabaki na alama ya kidole chenye udongo. Tulinagwe akarudi na lori lile lile, ameketi juu ya magunia. Alimfikia msajili saa kumi kasoro robo. Msajili akazitazama zile fomu, akazinusa, akasema, "Hizi zimetoka ofisi gani?" Lakini sahihi ni sahihi. Akazipokea.

Somo likarudi! Siku hiyo kantini ilikuwa kama kuna harusi. Chaula alimbeba Sufiani mabegani, Nyamizi alicheza ngoma ya kwao, na Tulinagwe alikula sahani mbili za wali.

Jumatatu orodha ikabandikwa. Wakaenda kuisoma wakiwa wameshikana mikono. Chaula yupo. Binti wa ushirika yupo. Mtu wa uhasibu yupo. Nyamizi akaisoma juu hadi chini, kisha chini hadi juu.

"Sisi hatumo," akasema.

Kumbe siku somo lilipofutwa, na majina yao yalifutika pamoja nalo. Wao walidhani usajili wao wa kwanza bado upo. Katika kuwajazisha watu kumi na wanne, hakuna aliyekumbuka kujaza fomu yake mwenyewe. Hata yule mwenye macho hakuliona hilo.

Wakakimbilia kwa Dakta Sekela. Mama yule aliwasikiliza, akawatazama kwa huruma, lakini midomo ilikuwa inacheza kwa kicheko alichokizuia.

"Wanangu, wenyeji waliokubali kupokea wanachuo ni kumi na watano. Kila mwenyeji, mwanachuo mmoja. Ilinichukua mwaka mzima kuwapata, siwezi kuokota wengine kama kuni. Waliosajiliwa ni kumi na wanne. Mwalimu Kyando amekubali niongeze jina. Moja."

"Moja?" wakasema wote.

"Moja. Nileteeni kesho saa nne asubuhi. Mimi sichagui, maana nikichagua mmoja nitakuwa nimewadhulumu wawili."

Wakarudi kwenye meza yao ya dirishani, na mimi masikio yangu nikayaelekeza huko, nakiri.

"Tumwombe Chaula ajitoe," Sufiani akanong'ona.

"Umemwalika mtu karamuni," Tulinagwe akamjibu, "halafu umnyang'anye sahani?"

Sufiani akaona aibu. Kisha Nyamizi akasema anachokiamini: "Bila ule ukurasa, msingekuwa hata na cha kuhangaikia. Mngekuwa sasa hivi mnasoma Uandishi wa Miradi."

"Ukurasa ni karatasi," Sufiani akasema. "Kanuni inataka watu kumi na wawili. Watu mliwatoa wapi, kama si mdomoni mwangu?"

"Na fomu zisizo na sahihi ni za kufungia maandazi," Tulinagwe akasema taratibu. Akawaonyesha viganja vyake. Malengelenge yalikuwa hayajapona.

Wakatazamana. Nikadhani sasa urafiki unavunjika mbele ya macho yangu. Mara Nyamizi akaanza kucheka, na wenzake wakafuata, wakacheka mpaka nikaenda kuwaonya tena.

"Basi nafasi achukue Tulinagwe," akasema Nyamizi. "Mimi niliketi kwenye kiti kikavu nikasoma. Yeye aliketi kwenye tope."

"Sitaki," akasema Tulinagwe. "Achukue Sufiani. Mimi nilichimba viazi, na viazi havijibu. Yeye alikataliwa na watu wangapi kabla ya kuwapata hao kumi na wanne? Na kila mara alirudi kwetu anatabasamu."

"Hapana, hapana," Sufiani akasema. "Achukue Nyamizi. Mimi na wewe tulikuwa tumekwisha kukata tamaa. Yeye peke yake ndiye aliyesimama akaomba kitabu. Na bibi yake hatasubiri."

Mnaona? Kila mmoja alipojitaja mwenyewe, walikuwa sawa. Kila mmoja alipomtaja mwenzake, bado wakawa sawa. Golikipa akaja akasema wapige kura, wakapiga, kila mtu akapata kura moja. Karani wa idara akapendekeza shilingi irushwe, Dakta Sekela akasikia, akasema haki hairushwi juu.

Kesho yake asubuhi wakanigeukia mimi. "Kaka wa maktaba, wewe umeona yote tangu mwanzo. Tuandikie jina." Wakaniwekea karatasi tupu na kalamu, na saa ya ukutani inasema imebaki nusu saa kufika saa nne.

Niliishika ile kalamu. Niliandika jina, nikaikunja karatasi, nikaipeleka mwenyewe kwa Dakta Sekela. Jina gani? Hilo sitawaambia, maana mpaka leo sina hakika kama niliandika la haki, na nataka kusikia lenu kwanza.

Haya, wewe hapo uliyekaa karibu na mlango, anza wewe, kisha jirani yako akubishie: yupi mwenye haki ya kiti cha kumi na tano? Aliyeiona njia, aliyewaleta watu wa kuipita, au aliyeufungua mlango uliofungwa? Kalamu ungeishika wewe, ungeandika jina la nani?