Bi Kakakuona na Sheria ya Kupita Kando

Paukwa!

Pakawa!

Hee, wameitika wa mbele tu. Nyinyi wa kule nyuma, paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa na mabaraza yao, aliishi mjane mmoja, Bi Kakakuona. Magamba mwili mzima, lakini mwoga! Akishtuka kidogo tu, kunyu! Anajikunja duara kama chungu.

Watoto wa Fisi wakaona huo ni mchezo. Wanamshtua, anajikunja, wanamsukuma mtelemkoni. Biringi, biringi, biringi, hadi bondeni! Wanacheka mpaka wanagaagaa.

Siku moja alikuwa na mwanawe kifuani. Wakamshtua. Kunyu! Wakamsukuma. Biringi, biringi, pwaa! Mtoto akavunjika mguu.

Mama akalia siku tatu. Siku ya nne akaenda kwa Digidigi, mjumbe wa wanyama wadogo barazani.

"Mheshimiwa, nataka wakatazwe."

"Nani, watoto wa Fisi?"

"Yeyote. Leo fisi, kesho ngedere."

"Basi hiyo ni sheria unayotaka, mama. Muswada nitauandika. Lakini kwenye kamati utasema mwenyewe. Mimi sijawahi kubiringishwa."

Muswada ukasomwa barazani, ukapelekwa kwenye kamati. Mwenyekiti ni nani? Nyati! Pembe zile! Sauti ile!

"Bi Kakakuona, sema!"

Kunyu! Akajikunja palepale.

Wajumbe wakacheka. Mama Fisi, mzazi wa wale watoto, naye alikuwa mjumbe. Akasema, "Shahidi hana neno. Tuutupe huo muswada, twende tukale."

Nyati akasema, "Tutamngoja."

Wakangoja. Jua likapanda. Wakangoja. Jua likafika utosini. Nyati akashusha sauti: "Mama, hapa hakuna atakayekugusa."

Polepole ikatokea pua. Yakatokea macho.

"Nikijikunja mnadhani sisikii," akasema. "Nasikia. Nilimsikia mwanangu akilia kifuani pangu, nami siwezi kumfungulia, kwa sababu bado nabiringika."

Nyati akawageukia wajumbe wengine.

Mama Fisi akakohoa. "Na akijikunja katikati ya njia, sisi tupite wapi?"

Digidigi akajibu, "Tuongeze: atakayemkuta apite kando."

Wakaongeza. Kamati ikakubali, muswada ukarudi barazani kupigiwa kura. Ndiyo, ishirini. Hapana, ishirini. Amebaki mmoja. Nani? Mama Fisi!

Mama Fisi akasimama.

"Wale ni wanangu. Nimewazaa mimi, lakini hili sikuwafunza. Ndiyo!"

Ukapita. Bado! Ukaenda baraza la pili, Baraza la Mabawa. Ndege wakabishana, kwe kwe kwe, siku mbili nzima. Kunguru alitaka ufutwe. Kura zikapigwa, Kunguru akashindwa.

Bado! Ukafika kwa Gavana Tembo, naye ana uwezo wa kuukataa. Akausoma. Akausoma tena.

"Mtoto amepona?"

"Anachechemea, mheshimiwa," akajibu Bi Kakakuona. "Lakini anatembea."

Tembo akainua mguu, akaugonga muhuri. Dii! Ikawa sheria.

Bi Kakakuona hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alimshukuru Tembo papo hapo, kisha Digidigi kwa kumwandikia. Akamshukuru Nyati kwa kumngoja. Akasimama chini ya miti akawashukuru ndege, mmoja mmoja, hata Kunguru. Mwisho akafika kwa Mama Fisi. Hakujikunja, akabisha.

"Hodi. Nimekuja kusema asante."

Mama Fisi akatazama chini. "Unanishukuru mimi, dada? Baada ya yale?"

"Kura ilibaki moja tu, nawe ulinipa."

Mama Fisi akawaita wanawe. Wakaja, vichwa chini, wakaomba radhi. Kisha akasema, "Karibu ndani. Na kesho umlete mtoto, nimwone."

Nawaambia, wadogo kwa wakubwa: mnyonge anayeumia aseme, na wenye baraza wamngoje mpaka amalize. Na sheria njema ikipatikana, tuwashukuru wote walioibeba, hata aliyeanza kwa kuipinga.

Ngano yangu naituliza papa hapa. Nanyi asanteni kwa kunisikiliza.