Mkawasi Atafuta Kazi Yake

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Kilima kilichokauka!"
"Nani alikipanda?"
"Tuambie wewe!"

Hapo zamani, kwenye kilima cha Irindi, aliishi mwanamke mdadisi, jina lake Mkawasi. Mwaka mmoja chemchemi ilikauka. Mbuzi wakaanza kufa, watu wakafunga mizigo wahame. Wazee wakanung'unika, "Mvua imetukosea sisi wenye kilima."

Mkawasi akajiuliza, "Wenye kilima tangu lini?" Akapanda juu kwenda kuwauliza wakazi wengine wa kilima.

Akaenda, akaenda, akaenda, akamkuta ndege hondohondo.

"Hodi, hondohondo! Kazi yako hapa ni nini?"

"Kula kuyu, kudondosha mbegu. Mikuyu hukamata ukungu, ukungu hutona maji. Na wewe, kazi yako nini?"

Mkawasi akashika njia.

Akaenda, akaenda, akamkuta mchwa.

"Hodi, mchwa! Kazi yako hapa ni nini?"

"Kutoboa ardhi, maji yapate kuingia. Na wewe, kazi yako nini?"

Mkawasi akaondoka upesi, masikio yakimwaka moto.

Chemchemini akamkuta chura, kajifukia topeni, macho tu nje.

"Hodi, chura! Kazi yako..."

"Kungoja maji. Na we..."

"Usiniulize! Sijui!"

"Basi rudi kawaulize wenzangu wamekwama wapi."

Akarudi mbio. Mchwa akasema, "Ng'ombe wenu wameikanyaga ardhi, imekuwa jiwe."

Hondohondo akasema, "Mikuyu mmeichoma mkaa. Miche huliwa na mbuzi wenu, nami sina mikono ya kuizungushia ua."

Mkawasi akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

Kesho yake akaanza kukata miiba ya kuzungushia miche. Wifi yake, Wakesho, akamkuta.

"Wifi, wafanya nini?"

"Nimepata kazi."

"Nani kakuajiri?"

"Hondohondo."

Wakesho akacheka hadi akakaa chini. Alipochoka kucheka, akachukua panga, akamsaidia. Wengine wakaja, wengine wakahama.

Mwaka wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, ukungu ukatua. Wa tano, chemchemi ikatoa kibuyu kimoja kwa siku. Mkawasi akanywa funda moja, akalia.

Ndiyo maana twasema, binadamu si mwenye kilima. Ni mmoja wa wafanyakazi wake.

Ngano imefika kikomo. Ikiwa tamu, tuile sote. Ikiwa chungu, nitaimeza peke yangu. Na kazi yenu msiniulize mimi. Yangu ni kusema, na nimeshachoka!